Mbuzi Asiye na Ila

Alhamisi Kuu mwaka huu nilisali kijijini kwetu Maguu, baada ya miaka mingi ya kusali mjini. Somo la Kutoka lilipofika kwenye mnyama wa Pasaka, dume asiye na ila, awe kondoo au mbuzi, nikacheka peke yangu. Mama aliyeketi karibu akanikazia macho. Wewe, rafiki yangu, acha nikueleze.

Nilikuwa msichana wa darasa la nne, nikiishi kwa bibi. Katekista wa kigango chetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kwake, mambo ya Waisraeli wa kale yalikuwa kivuli. "Mtu akija na jua mgongoni," alisema, "kivuli chake hutangulia, mwenyewe hufuata." Basi Bahari ya Shamu ilikuwa ubatizo, mana ilikuwa Ekaristi, na nyoka wa shaba aliyeinuliwa mtini alikuwa msalaba. Tulivuka kijito kilicho chini ya mashamba ya ngoro, yale ya vishimo vilivyochimbwa mteremkoni, tukiimba, sketi zimelowa, yeye mbele na fimbo ya Musa.

Juma Kuu lilipofika akataka tuiadhimishe Pasaka yenyewe. Tulipaka miimo ya mlango wa kigango udongo mwekundu badala ya damu. Tulikula chapati kavu na mnavu uliochemshwa bila chumvi, tuonje uchungu wa utumwa. Wengine waliutema kwa siri. Alikosekana mwanakondoo tu.

Bibi alikuwa na mbuzi dume mdogo, mweupe kote. Mama yake alikufa akimzaa, nami nikamlea kwa uji wa mahindi, akilala karibu na jiko letu.

"Shikamoo, mama," Mwalimu alimwambia bibi. "Naomba mbuzi wa Pasaka ya watoto."

"Marahaba. Mchukue."

Pale kigangoni tulimkagua masikio, kwato, hata meno. Hana ila. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilijua kinachofuata katika somo, nikamkumbatia shingo nikilia.

"Mwalimu, naomba usimchinje."

Mwalimu akachuchumaa mbele yangu. "Binti yangu, huyu ni kivuli tu. Mwenyewe alishakuja, akatolewa mara moja kwa ajili yetu sote. Mbuzi wako arudi nyumbani akale majani."

Bibi, aliyekuwa amesimama mlangoni na tayari alishaipangia nyama ile kazi, akasema, "Na wageni wangu Jumapili, Mwalimu, watakula kivuli?"

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, nasi tukacheka naye.

Jumapili ya Pasaka tulikula ugali na usipa, vidagaa kutoka ziwani, na mahindi mabichi ya kuchoma. Bibi alinung'unika asubuhi nzima, lakini kila mgeni alipoingia alimwonyesha mbuzi pale nje: "Huyo amekombolewa." Alisema kwa fahari, kama vile wazo lilikuwa lake.

Kigango kile cha udongo hakipo. Limejengwa kanisa la matofali ya kuchoma. Watoto hufundishwa wakiwa wamekaa kwenye mabenchi, kimya, nguo zao kavu. Bibi na Mwalimu wamezikwa kilima kimoja. Ijumaa asubuhi nilikwenda kung'oa magugu makaburini, nikawapa habari za wajukuu na za kahawa. Kisha nikawaambia kwamba Mungu waliyenifundisha, mpaka leo sijawahi kumkimbia.