Bi Time Hakumkana Mwanawe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Sultani keshaondoka na sisi hapa Chokocho hatujaizoea serikali mpya. Askari wachache wakaasi kambini. Asubuhi wameshika bunduki, adhuhuri uasi umeshazimwa, na mmoja wao, Hamadi, kaingia uani kwetu anatweta kama aliyebeba kisiwa kizima.

Mimi nilikuwa mke mgeni. Mavyaa wangu, Bi Time, mama wa mume wangu, yumo chumbani kakaa eda ya marehemu mumewe, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Hamadi akapita moja kwa moja humo humo. Na hakukosea. Bi Time ndiye aliyemnyonyesha, mamake alipofariki uzazini. Kwa sheria yetu ni mwanawe.

Mara askari wa serikali mlangoni. Moyo ulinidunda mpaka nikadhani sufuria zinagongana jikoni. Nikanong'ona penye pazia la chumba cha Bi Time:

"Mama, nitawaambia kavuka kenda Kisiwa Panza. Nitawaapia."

"Usiape uongo katika nyumba ya msiba. Nyamaza, nitasema mwenyewe."

Akapaza sauti, mwanamke mdogo wa kuenea ndani ya pishi, lakini nahisi hata samaki walimsikia.

"Mnayemtaka yumo humu. Ni mwanangu wa ziwa. Nami nimo edani. Anayetaka kumtoa, alifunue pazia hili kwa mkono wake."

Mkubwa wao alikuwa kijana wa Kojani. Akatazama pazia, akatazama viatu vyake.

"Ingia basi," mwenzake akamwambia. "Au wamwogopa kibibi?"

"Ingia wewe, kisha ukamhadithie mamako."

Hakuingia mtu. Yule mkubwa akasema, "Hapa pana mfiwa tu. Tuwie radhi, Bi." Wakenda zao.

Hamadi kafa juzijuzi tu, mzee, kitandani mwake, wajukuu wamejaa mpaka barazani.

Mwanangu, mimi nimehitimu darasa la usiku nikiwa bibi, vigelegele vikasikika mpaka Mkoani. Nimesoma kila kilichoandikwa, hata pakiti za chumvi, wala sijakuta ujasiri kama ule. Ya kambini siyasemi, wanaoyajua wapo. Nakuusia haya: mtu wako akifikwa, usimkane, na uongo usiwe wa kwanza kuukimbilia. Ukiwa wewe ndiye mwenye bunduki, mkumbuke yule kijana wa Kojani, aliyeona haya mbele ya pazia akaokoa roho.

Mwenyezi Mungu akupe mlango wa kukimbilia siku ya dhiki yako, na mwenzako akikimbilia kwako, akukute upo. Amin.