Nani Amekula Sikio la Nadhiri?

Umewahi kupiga magoti mbele ya sanamu yenye mikono minane, jua linakaribia kuchomoza, ukafunua kichwa cha nguruwe ulichokuja nacho kulipa nadhiri, ukakuta kina sikio moja?

Mimi yamenikuta. Tena mbele za watu.

Naitwa Sokhom, mkazi wa Siem Reap, hapa Kambodia. Nina binti mmoja tu, Kunthea. Aliolewa, akakaa, mtoto hakuna. Majirani wakaanza maneno yao yale, unayajua.

Nikaenda Angkor, hekalu letu la kale, kwa Ta Reach, yule babu wa jiwe anayesimama kwenye lango la magharibi. Nikapiga magoti, nikalia, nikaweka nadhiri.

"Babu, binti yangu akishika mimba ikakomaa, nitakuletea kichwa cha nguruwe. Nitakileta alfajiri, kabla mtoto hajatua duniani."

Mimba ikashika. Ikakomaa. Binti wa watu akawa anatembea kama bata.

Sasa, kwetu nadhiri si mchezo. Ukiahidi, peleka. Ukichelewa, deni halikufuati wewe. Linamfuata uliyemwombea.

Nikawaeleza wenzangu wawili wa darasa la jioni. Sisi ni wale watu wazima tuliokosa shule utotoni, sasa tunasomea kwenye banda la pagoda, hekalu la mtaani kwetu.

Mmoja ni Phalla, muuza ndizi za kukaanga. Ana mwili, ana sauti, na akicheka mbwa wa mtaa mzima wanaamka.

Mwingine ni Chenda, fundi cherehani. Huyo anaogopa kila kitu, hata kivuli chake mwenyewe.

"Twende wote, dada," Phalla akasema. "Bajaji ya mume wangu ipo. Nimezaliwa hapahapa na jua la Angkor sijawahi kuliona likichomoza. Si aibu hiyo?"

"Hata mimi," Chenda akasema. "Wageni wanavuka bahari kuja kuliona, sisi tunakoroma."

Basi jioni tukachemsha kichwa nyumbani kwangu, Kunthea naye yupo, amekaa jikoni na tumbo lake. Kichwa, mkia na miguu minne, maana hivyo vikikaa pamoja kwenye sinia ni kama umetoa nguruwe mzima. Kikaiva, kikang'aa, ukikitazama kama kinatabasamu.

Nikaenda kuoga. Niliporudi, Phalla alikuwa ameshakifunga pamoja na mkia na miguu kwenye majani ya mgomba na kitambaa chekundu juu.

"Usifungue tena," akaniambia. "Nzi."

Nikamwona mtu wa maana sana.

Alfajiri tukaondoka. Phalla ndiye dereva, mimi na Chenda nyuma, kichwa kwenye mapaja yangu.

Jamani, tulicheka safari nzima. Watu waliojifunza kusoma ukubwani hawapiti kibao kimya. Kila kilichomulikwa na taa, tulikisoma kwa sauti kama watoto.

"Pu-ngu-za mwe-ndo!" Phalla akasoma, huku anakanyaga mafuta.

"Phalla! Kimesema punguza!"

"Nimekisoma, dada. Kutii ni somo la mwaka ujao!"

Chenda alikuwa ameshika chuma cha bajaji kwa mikono miwili, amefumba macho, anasali kwa sauti. Nikamuuliza anaombea nini.

"Naomba breki."

Tulipokaribia, Phalla akapunguza mwendo kwenye vibanda vya chakula.

"Tupitie kwanza kwa muuza uji wa mchele na nyama ya nguruwe."

"Tukirudi," nikamwambia.

"Dakika moja tu, dada."

"Tumbo wewe! Jua litasubiri uji wako?"

"Dada Sokhom, nakuomba."

"Twende!"

Akaguna, akaondoka.

Tukavuka daraja la mawe, giza linaanza kupauka, wageni wanatupita mbio wakiwahi kukaa ukingoni mwa bwawa. Mmoja alisimama akakipiga picha kifurushi changu. Chenda akadhani anapigwa yeye. Akaweka pozi, mkono kiunoni.

Tukafika langoni. Babu yupo, amevikwa shuka la dhahabu, moshi wa ubani umemzunguka. Pembeni yake alikaa bibi mmoja mtawa, nguo nyeupe, kichwa kimenyolewa.

"Karibu, mwanangu. Funua tuone."

Nikafungua kitambaa. Nikaondoa majani.



Bibi akainama. Akatazama upande huu. Akatazama upande wa pili.

"Mwanangu, huyu nguruwe alikuwa kiziwi?"

Sikio la kushoto halipo. Limekatwa safi, kwa kisu.

"Labda kazaliwa hivyo," Chenda akanong'ona.

Mimi nikageuka polepole.

"Phalla."

Phalla alikuwa anahesabu popo darini.

"Phalla!"

"Ni mimi, dada," akasema. "Nimelila mimi. Ulipokuwa unaoga."

"Umekula sikio la nadhiri?"

"Lilikuwa linaninong'oneza."

"Sikio linanong'ona?"

"La huyu lilinong'ona."

Chenda akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka.

Bibi mtawa naye uso ulikuwa umebadilika.

"Aliyeonja kabla ya mwenyewe anadaiwa yeye," akasema. "Kama ni jambo, litamshukia aliyekula. Hiyo haina mchezo."

Phalla akapiga magoti bila kusukumwa. Akaunganisha viganja juu ya paji la uso, akapaza sauti hadi wageni wakasimama.

"Babu! Sikio nimekula mimi, Phalla, muuza ndizi! Nakaa nyuma ya soko, geti la bluu, mkono wa kulia ukitokea mtoni! Ukija na hasira zako usikosee nyumba!"

Hapo hata bibi mtawa alicheka, meno yake mawili yote nje.

Na hapo hapo simu yangu ikaita. Ni mkwe wangu, Vibol.

"Mama! Chupa imepasuka! Nampeleka hospitali sasa hivi!"

Mtoto yuko njiani, nami niko mbele ya Babu na nguruwe kiziwi.

Nikamgeukia Phalla. Nilichosema ninakiandika kama kilivyotoka:

"Mwanangu akipatwa na jambo, usikanyage kwangu tena. Nisikuone."

Phalla alinitazama. Akavua ndala.

"Sawa, dada," akasema.

Kisha akakimbia.

Hujawahi kuona mwanamke mnene akikimbia vile! Sarong yake ya kiunoni kaikunja magotini, ndala mkononi, anapishana na wageni darajani. Wengine walimshangilia wakidhani ni mashindano.

Sisi tukabaki tunasali. Chenda analia na kucheka kwa pamoja, mimi nayarudia maneno yale yale: kabla hajatua, Babu, kabla hajatua.

Phalla akarudi anahema kama pampu ya baiskeli. Mkononi ana sikio la nguruwe, kwenye mfuko wa plastiki, bado linatoa mvuke.

"La muuza uji," akasema. "La mwisho."

"Mbona dogo?"

"Dada, nilikuta moja. Ningepima?"

Tukalichomeka kwa vijiti vya ubani. Kwanza likasimama wima kama linasikiliza redio, tukalilaza. Nguruwe akawa na sikio moja la mzee na jingine la mtoto wa shule.

"Limetosha," bibi akasema huku anafuta machozi ya kicheko. "Babu ana mikono minane, mmoja ataushika upande ule."

Nikasali. Nikashukuru. Nikalia kidogo. Nadhiri ikatoka mabegani.

Tulipoinuka, Chenda akatushika mikono. "Tazameni."

Kupitia uwazi wa lango tuliiona minara, myeusi kama mkaa, na nyuma yake mbingu imeshika rangi ya papai bivu. Jua likachungulia. Phalla alikuwa amesimama nyuma yetu, mbali kidogo.

Tukapanda bajaji mbio kwenda hospitali. Phalla aliendesha taratibu na hakusoma kibao hata kimoja. Akatushusha mlangoni.

"Huingii?" Chenda akamuuliza.

"Nina ndizi za kumenya," akajibu. Akaondoka.

Mimi sikumwita.

Mtoto akazaliwa jua likiwa utosini. Wa kike, ana mapafu ya mnadi wa sokoni. Mama mzima, mtoto mzima. Nilicheza dansi kwenye korido hadi nesi akanitishia kunitoa nje.

Kunthea aliponiona, neno la kwanza: "Mama mdogo Phalla yuko wapi?"

"Achana naye. Mlafi yule. Amekula sikio la nadhiri yako."

Binti yangu akavuta shuka hadi puani.

"Mama… sikio nilikula mimi."

"Nini?"

"Harufu ilinishinda. Hamu, mama, we unajua hamu ya mimba! Ulipokuwa unaoga nikakata. Mama mdogo akanikuta nimeshatafuna. Hakunigombeza. Akaniambia nifute mdomo na nisimwambie mtu, hata wewe, mpaka nijifungue. Akasema atapita kwa muuza uji, atanunua jingine kabla hujafungua."

Nikakaa kwenye kitanda cha mgonjwa wa pembeni. Mgonjwa akalalamika. Sikumsikia.

Aliyeonja kabla ya mwenyewe anadaiwa yeye. Phalla aliyasikia maneno ya bibi, akayaamini, maana anaamini kama mimi. Na akapiga magoti, akataja jina lake mpaka na geti.

Nilitoka mbio, na mimi ndala mkononi.

Nilimkuta mbele ya karai lake, anageuza ndizi. Aliponiona akasimama.

"Kunthea?" akauliza. Uso umekauka.

"Wazima wote. Amenieleza."

Akashusha pumzi ndefu, mafuta yakaruka.

"Kwa nini hukusema, Phalla? Na lile jambo kama lingekushukia?"

"Dada, mimi kuzaa nilishamaliza. Lingenishika wapi, magoti? Magoti yameshaharibika siku nyingi." Akanitazama. "Yule mtoto alikuwa bado hajafika. Hakuwa na wa kumsemea."

Nilimkumbatia pale pale, karai nusura lipinduke. Nikamwomba msamaha mara tatu. Mara ya nne akanitia ndizi ya moto mdomoni ninyamaze.

Ndugu yangu unayesoma, hasira inapokupanda, chunga mdomo wako kwanza. Unayemfukuza anaweza kuwa ndiye amesimama kati yako na balaa, amekupa mgongo ndiyo maana humwoni uso.

Mjukuu nilimwomba miaka mingi, kwa machozi na ubani. Rafiki sikuwahi kumwomba. Huyo nilipewa bure, nami nusura nimrudishe kwa ajili ya sikio la nguruwe.