Behewa la Ng'ombe Halikuwa na Ngazi

Habari za majukumu, ndugu wasomaji. Admin, nakuomba ufiche jina langu na la shule ninayofundisha, maana ndugu zangu wengi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa na nina watoto wawili. Nyumbani kwetu ni upande wa Ilongero, Singida.

Nina kazi ya mikono ambayo watu huicheka, hasa kwa kuwa mimi ni mwanamke. Natengeneza mabehewa madogo ya treni za mizigo za zamani, kwa bati na mbao laini. Sitengenezi ya kubuni. Natafuta picha, nauliza waliofanya kazi relini, napima, kisha nalipunguza behewa mpaka linakaa mezani likiwa vilevile, hadi komeo la mlango. Mume wangu alizoea. Yeye anajua chanzo chake ni marehemu baba.

Baba alikuwa akisindikiza ng'ombe wa wafanyabiashara kwa treni kwenda Dar. Nilikuwa darasa la kwanza alipofariki. Alifia safarini, na safari ile alikuwa na mdogo wake, baba yangu mdogo, na ndiye aliyerudi na habari. Alisema kaka yake alipanda ngazi ya nyuma ya behewa ili awachungulie ng'ombe kwa juu, treni ikatikisika, akateleza na kuanguka. Hakukuwa na shahidi mwingine. Baada ya msiba wazee wa ukoo walikaa kikao, na baadaye mama akaishi na baba mdogo kama mke na mume. Wana watoto wawili, wadogo zangu. Na niseme ukweli, baba mdogo amenilea. Nilipougua malaria kali alinifunga kwa kanga mgongoni akaendesha baiskeli mpaka hospitali. Siku ya ndoa yangu ndiye aliyenishika mkono.

Mwaka huu niliamua kutengeneza behewa lile lenyewe alilofia baba. Nikalehemu na ngazi yake. Nilipotuma picha kwenye kundi letu la wapenda treni, mmoja akaniuliza ngazi ile nimeitoa wapi. Nilimjibu kwa hasira kwamba baba yangu aliipanda. Lakini nilipozitazama upya picha zangu zote za mabehewa ya ng'ombe ya njia yetu, hakuna hata moja yenye ngazi. Nikasafiri mpaka Manyoni kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi wa mabehewa. Akanipeleka kwenye behewa bovu la aina hiyo lililoachwa kwenye nyasi. Nikalizunguka na tepu yangu. Nyuma ni bati tupu, mbele ni bati tupu. Nikapapasa kutafuta alama ya ngazi iliyong'olewa, hakuna. Mzee akasema wasindikizaji walikuwa wanaingia kwa mlango uleule wa ng'ombe na kukaa humo ndani. Nilikaa kwenye nyasi.

Nikaenda nyumbani wakati wa kupura alizeti. Mama alikuwa ameenda kisimani. Nilimwamkia baba mdogo shikamoo, nikaweka behewa kwenye mkeka mbele yake. Ngazi nilikuwa nimeshaing'oa. Nikamuuliza baba alipandia wapi.

Aliweka fimbo ya kupuria chini, akalichukua behewa, akausukuma mlango wake kwa kidole, ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua tena. Kisha akaanza kusema bila kunitazama.

"Kaka aliniambia niteremshe pini ya kufungia mlango. Nikamwambia nimeshateremsha. Nilikuwa nimechoka, nikaona nitaiteremsha baadaye. Ng'ombe mmoja akalala, kaka akaegemea mlango apate nguvu ya kumwinua. Mlango ukaserereka, akaanguka nje treni ikienda."

Nilimuuliza kwa nini alidanganya. Alisema aliogopa ukoo utasema amemuua kaka yake. Akadhani atasema mambo yakipoa. Halafu wazee wakamkabidhi nyumba ya kaka yake, na kila mwaka uliopita ukaufanya mdomo wake kuwa mzito zaidi. Alilia, ndugu zangu. Sijawahi kumwona yule baba akilia. Nilitaka kumpiga, na papo hapo nilitaka kumfuta machozi.

Mama akatokea na ndoo kichwani. Akaitua, akajifuta mikono, akalishika behewa kama anavyoshika mtoto mchanga.

"Ndilo hili? Mbona halina ngazi?"

Baba mdogo aliinama. Mimi nikajibu kwamba bado sijaiweka. Ndiyo, nilidanganya kwa mdomo wangu mwenyewe, uongo uleule. Mama akasema nikimaliza nimletee aliweke sebuleni, maana hana hata picha moja ya marehemu.

Tangu siku hiyo mama anapiga simu kuuliza kama behewa limekwisha. Ananiambia pia kwamba baba mdogo hali chakula vizuri, na anadhani ni vidonda vya tumbo. Baba mdogo naye alinipigia, akasema nikiamua kumwambia mama nimjulishe kwanza, ili awe ameshaondoka nyumbani. Mume wangu anasema niyaache, marehemu hatarudi na wadogo zangu bado wanasoma. Lakini mama akimuuguza mtu kwa ugonjwa ambao mimi naujua, nitakuwa mtoto wa namna gani?

Jumamosi nakwenda nyumbani, ananisubiri. Ana haki ya kujua mume wake alikufaje. Na mume aliye naye sasa anampenda, hilo nimeliona kwa macho yangu tangu utotoni. Nyie mliowahi kubeba mzigo wa hivi, niambieni mliutua wapi. Nimwambie mama, au ninyamaze na mimi?