Mkono wa Kushoto wa Ambakisye

Ule ulikuwa mwaka wa kula mizizi ya migomba, maana mvua ya mawe ilimaliza ndizi. Mdogo wangu Ambakisye, bado wa kunyonya, alinyoosha mkono wa kushoto akakamata chakula changu. Shangazi aliupiga kwa mwiko mpaka ukavimba.

"Mkono wa kushoto haushiki chakula, ni mkono wa mwizi," akasema, akachukua kaa la moto auchome.

Nilidhani mkono ule ni mwizi kweli. Ila niliposikia harufu ya ngozi ikiungua, nilimkumbatia Ambakisye. Mwiko ukanipasua kichwa.

"Simtoi. Nipige mimi."

Juzi mjukuu wangu, ndiyo kwanza anajua kushika, alidaka parachichi kwa kushoto. Mkwe wangu akamchapa. Mtoto mchanga hushika alichokiona, wizi ataujulia wapi? Nikamnyakua.

"Mama, nipe mtoto nimfunge huo mkono."

"Simtoi. Nipige mimi."