Anwani Niliyoijaza

Maandishi yaliyotokea kwenye televisheni yalikuwa mstari mmoja wa Kiingereza: chaneli hii haipatikani katika eneo lako. Mama yangu hasomi Kiingereza. Alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani na kukaa kwenye kiti chake, akingoja sauti ya mtangazaji.

"Imeharibika?" aliuliza.

"Haijaharibika, mama. Wameizima."

"Nani kaizima?"

Jibu la kweli lilinihusu.

Wakati huo alikuwa na miaka mitatu nyumbani kwangu Sparkhill, mjini Birmingham. Filamu na vichekesho hakuvijali. Katika ile orodha ndefu ya chaneli alitaka moja tu, tena haikuwa na picha: redio ya taifa ya Kenya, iliyorushwa kupitia setilaiti pamoja na televisheni. Ukiifungua, skrini nzima inakuwa buluu. Kila siku saa kumi alasiri, ambayo majira ya baridi ni saa moja jioni Nairobi, mama alizima jiko, akafunika kichwa na kukaa mbele ya buluu hiyo kusikiliza habari, kisha matangazo ya vifo. Hayo ndiyo aliyoyangoja. Marehemu ni nani, mke wa nani, alifanya kazi wapi, atazikwa lini. Kila jina aliitikia "Pole" kwa sauti, kana kwamba wafiwa wako sebuleni.

Mwaka huo alikuwa akilingoja jina moja. Mtu aliyetoka likizo alituambia kwamba rafiki yake wa Voi anaumwa sana, hatembei tena. Mama na mwanamke huyo walikaa nyumba zilizopakana kwenye kwota za reli, wakichota maji bomba moja kwa miaka kumi na tisa. Mama alipolazwa kwa homa ya matumbo, mwanamke huyo alimnyonyesha dada yangu mchanga pamoja na mtoto wake mwenyewe kwa wiki sita, wala hakumwambia mumewe wala wakwe zake, kwa kuwa wangemkataza. Wakwe hao walimwita mchoyo tangu alipoolewa. Alimwambia mama, "Nikitangulia, waambie. Waambie wote wakiwa wamesimama pale." Kwetu salamu za rambirambi husomwa kaburini, mbele ya watu wote, kabla ya udongo. Mama aliahidi. Maneno alikuwa nayo kichwani, ila namba ya simu ya rafiki yake ilikuwa haipatikani tena, na watoto wake wametawanyika. Redio ndiyo ingemwambia.

Sasa nieleze kosa langu.

Kazi yangu kiwandani ni kupima vipuri vya magari, na kosa dogo kuliko unene wa karatasi hunikosesha raha. Sikusomea mambo ya setilaiti. Niliazima kitabu maktaba, nikanakili majedwali kwenye daftari, nikanunua dira, na Jumapili mbili nikasimama juu ya ngazi nikilisogeza dishi kwa upana wa ukucha mpaka ishara ikashika. Kadi ya kufungulia chaneli niliinunua kwenye mkahawa mmoja wa Stratford Road. Mwenyewe, Msomali aliyekulia Isiolo, alikuwa akiziuza pembeni ya kaunta. Kila kadi aliisajili kwa anwani ya nyumbani Kenya. Yangu ilikuwa na anwani ya shemeji yangu, Nairobi.

Baadaye kampuni ya televisheni ikamtumia shemeji fomu. Ilisema wateja wathibitishe makazi yao ili wahudumiwe vizuri zaidi.

"Niijaze mimi?" shemeji aliuliza kwenye simu.

"Nitumie. Mteja ni mimi."

Ilipofika niliipeleka mkahawani kumwonyesha yule bwana. Hakuisoma.

"Injinia," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu aone dishi langu, "hii karatasi tupa. Ama andika Nairobi, uendelee na maisha yako."

"Mimi siishi Nairobi."

"Walahi, hata wao wanajua huishi Nairobi! Wanakuomba tu uwadanganye vizuri."

Nilikwenda nyumbani nikajaza jina la mtaa wangu, namba ya nyumba na Birmingham, kwa herufi kubwa. Niliambatisha na nakala ya bili ya gesi. Nakumbuka niliona fahari nilipokuwa nikiibandika stempu. Wiki tatu baadaye wakatukata.

Nilipiga simu. Aliyepokea alikuwa kijana mwenye adabu.

"Mzee, mfumo unaonyesha uko nje ya eneo letu. Hatuna kibali cha kuonyesha huko."

"Niko nje ya eneo lenu mwaka wa tatu. Mbona mlikuwa mkiniuzia?"

"Mfumo haukuwa unajua, mzee."

"Kwa hiyo ningeandika uwongo, mama yangu angekuwa anasikiliza redio sasa hivi?"

"Hilo siwezi kukushauri, mzee."

"Basi niachieni redio. Televisheni chukueni yote. Redio ya taifa haina mpira wala filamu, ni ya kibali gani?"

"Zinakuja pamoja, mzee. Kuna lingine ningekusaidia?"

Nimejaribu kuipima hasira yangu kama ninavyopima kila kitu, na bado ni ileile. Najua mikataba ya chaneli hufuata mipaka ya nchi. Nilikuja kulisoma jambo hilo kwa makini na ninalielewa. Ninachokataa ni ile fomu. Waliotaka kutukata wangetukata kwa barua ya mstari mmoja. Wao walituuliza kwa upole tunaishi wapi, wakawaacha wote waliodanganya, wakamkata aliyejibu.

Mama nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unajua nangoja nini," alisema.

"Nilijua, mama."

"Na karatasi ilikuwa inangoja nini?"

Shemeji aliahidi kutusikilizia, lakini saa moja jioni huwa bado yuko njiani kutoka kazini, na kwake redio husahauliwa. Siku ya kumi nilimeza maneno yangu nikamrudia yule bwana wa mkahawa. Kadi yake ilikuwa inafanya kazi, maana kwenye fomu alijiandika mkazi wa Isiolo. Hakunicheka. Alisema, "Mlete mama."

Kwa hiyo tukawa tunakwenda. Nilikuwa zamu ya asubuhi, natoka saa nane. Saa kumi kasoro tunaingia, mama anapewa meza iliyo chini ya televisheni na chai ya maziwa, na mwenye mkahawa anaondoa marudio ya mpira katikati ya chakula cha watu. Skrini inakuwa buluu.

"Patron, na mupira?" Mkongo mmoja alimlalamikia mwenye mkahawa siku ya kwanza, kijiko mkononi.

"Ngoja. Mama anasikiliza vifo."

"Vifo? Tuko tunakula!"

"Basi kula polepole, usije ukatangazwa."

Watu walicheka. Hata mama alitabasamu. Lakini kufikia siku ya tatu yule Mkongo naye alikuwa akiweka kijiko chini matangazo yakianza.

Siku ya tano tulilisikia jina. Lilikuwa jina kamili, la ubatizo na la baba yake, ambalo mama hakuwahi kulitumia. Alilitambua kwa jina la mume na neno reli. Aliinua mkono ili mkahawa wote unyamaze, nao ulikuwa umeshanyamaza. Sauti ya mtangazaji ilikuwa tulivu. Familia ya marehemu, aliyezikwa Jumamosi iliyopita, inawashukuru wote waliohudhuria mazishi na wote waliotuma salamu za rambirambi. Kwa kuwa haiwezi kumfikia kila mmoja, wapokee shukrani hizi. Likafuata sanduku la posta la Voi, kisha jina la mtu mwingine.

Mama aliisikiliza orodha mpaka ikaisha.

"Wananishukuru nini?" alisema.

Alimgeukia mwenye mkahawa. "Warudishie mpira wao, mwanangu. Nimemaliza."

Tulirudi kwa miguu, mabasi yakitupita. Nyumbani alikaa kwenye meza ya jikoni, akaniamuru nilete kalamu. Alisema maneno yote aliyokuwa ameyaweka, kuanzia bomba la maji hadi wiki zile sita, na alitaka yaende kwenye lile sanduku la posta, mtoto mkubwa wa marehemu awasomee wakwe wakikutana. Nilimwambia barua haitakuwa sawa na kaburini. Alisema anajua.

Nilipomaliza ilibaki nafasi juu kulia, ya anwani ya mwandishi, kama nilivyofundishwa shule ya msingi.

"Anwani niweke ipi?"

"Andika Voi," alisema. "Kwota za reli, karibu na bomba."

Kwota zile zilikuwa zimebomolewa zamani, na yeye alijua. Niliandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.