Sesilia wa Gare na Kijiti cha Halima

Sesilia wa Gare alijifunza mbio kwenye miteremko, ambako mguu ukikosea unaishia kwenye kabichi za jirani. Alipomaliza shule alichukuliwa timu ya taifa, akakimbia mita mia mbili na mbio za kupokezana vijiti. Kambini alimkuta Halima wa Malindi, ile ya milimani kwao na si ya pwani, Mshambaa mwenzake aliyemzidi umri, na kwa kuwa ugenini mtu wa kwenu ni ndugu, Sesilia akawa anamwamkia shikamoo dada hata wakiwa uwanjani na kaptula zao. Wenzao walicheka. Halima aliitikia marahaba kama ipasavyo.

Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Kijiti hupokewa bila kugeuka: unakimbia, unanyoosha mkono nyuma, unasubiri kuwekewa. Sesilia naye alilelewa kwamba mkubwa akikupa kitu unamgeukia, unapokea kwa mikono miwili, na goti linainama kidogo. Mazoezini alijilazimisha mpaka akaweza. Lakini siku ya mchujo wa kwenda mashindano ya ng'ambo woga ulimshika, na malezi yakamrudia. Alimsikia Halima akihema nyuma yake, akageuka, akapokea kwa mikono miwili kama anayepewa kikombe cha chai. Timu ikaachwa mbali, safari ikafa.

Kocha alikuwa upande wa pili wa uwanja, hakuona vizuri. Aliwaita akauliza nani kaharibu. Halima akawahi kujibu kwamba yeye ndiye aliyechelewa kutoa kijiti. Sesilia alikuwa na ukweli mdomoni, akaumeza, kwa sababu aliitaka sana ile jezi. Halima akarudishwa nyumbani. Sesilia aliendelea kukimbia, akapata medali zake, na kila alipovishwa moja alijiambia kwamba akienda likizo atapanda Malindi kuomba radhi. Kujiambia hakuchoshi miguu.

Hatimaye goti lilimharibikia, akarudi Gare kulima maharage. Malindi si mbali, lakini aibu hurefusha njia. Mwaka huu aliposikia Halima anaumwa, alisema atakwenda mvua zikipungua. Zikapungua, na habari iliyofuata ikawa ya msiba.

Alifika wameshazika. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na alipojitambulisha, Hidaya, binti wa marehemu, alinyanyuka akaja kupiga magoti mbele yake.

"Shikamoo mama mdogo," alisema. "Mama alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba alichelewesha kijiti, akakukosesha Ulaya. Hapa kijijini wamemcheka kwa hilo mpaka amezeeka. Naomba umsamehe, apumzike."

Mbele ya Sesilia palikuwa na mtoto wa mtu aliyebeba aibu isiyo yake maisha mazima, na kumwambia kweli ilikuwa kazi ya sentensi moja tu. Alifungua mdomo. Mikekani kote walisubiri lile neno la msamaha ambalo maiti huombewa kwa kila aliyekosewa naye. Macho ya Hidaya yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Nimemsamehe," alisema Sesilia.

Wakamshukuru sana, wakamsogezea nafasi akae. Hidaya alimwambia kwamba ana moyo mzuri, na Sesilia akaitikia asante.