Chumvi ya Kayabo

Mama Dorcas anakaa chumba cha pili kutoka chetu, hapa Mabatini. Jina lake Ng'washi, kwao Nansio. Kazi yake ni kupasua sangara na kuwapaka chumvi wawe kayabo, wale samaki wakavu wanaosafirishwa mbali. Akirudi lazima aoge na kubadili nguo kabla hajamgusa mwanawe.

Dorcas ana miaka tisa. Akila samaki anavimba midomo, yai hivyohivyo, na maziwa ndiyo mabaya zaidi. Mwaka juzi alipewa biskuti, kumbe ina maziwa, akakosa pumzi hadi akawekewa mashine ya kupumulia. Tangu siku hiyo cha pakiti hakiingii kwao. Ni ugali wa muhogo, mchicha, maharage. Hata chumvi Mama Dorcas anachota kazini, ile ya mawe, gunia jipya likifunguliwa tu, kabla samaki hajaigusa.

"Hii naijua," anasema.

Mwaka huu shingo ya Dorcas ikaanza kujaa mbele. Watoto wa uani wakamwimbia, "Kameza limao! Kameza limao!" Darasani akawa anasinzia, mwalimu akamwita mvivu.

Wiki iliyopita walienda kwa daktari, nikawasindikiza. Daktari akampapasa shingo, akauliza chakula kimoja kimoja mpaka akafika kwenye chumvi.

"Hiyo ya kukaushia samaki haina madini joto, mama, ndiyo maana shingo inajaa na anasinzia. Na samaki na maziwa, ambavyo vingemsaidia, hawezi kula. Nunua ya pakiti."

"Ya pakiti?"

"Ni chumvi tu, mama."

"Hata ile biskuti waliniambia ni biskuti tu."

Akainunua hata hivyo. Ikakaa dirishani siku tatu. Anaichukua, anainusa, anairudisha. Siku ya tatu akaniita.

"Hebu nisomee hapa."

Nikasoma polepole. Chumvi. Madini joto.

"Na maziwa?"

"Hayapo, Mama Dorcas."

"Una uhakika? Wewe uliishia la ngapi vile?"

"La tano."

Akacheka kidogo, halafu akaacha.

Jana mchana aliifungua. Akatia kidogo kwenye maharage, akamkalisha Dorcas mbele yake na kumshika kidevu, macho kwenye midomo.

"Mama, sasa nitatafunaje umenishika?"

Akaachia kidevu, akashika mkono. Sahani moja ikachukua saa nzima. Midomo haikuvimba. Jioni akapika na chumvi hiyohiyo, akakaa vilevile.

Leo hakwenda kazini. Anasema huenda hiyo chumvi inakawia kuvimbisha.